Vifaa vya maabara ya panya tuachiwe tutengeneze wenyewe

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako, hili limenikaa moyoni muda mrefu.

Mimi ni fundi wa maabara ya chuo, tunapima tabia za panya, yani anajifunzaje kuingiza pua kwenye kitundu ili apate chakula. Boksi la kazi hiyo ukiagiza nje ni mamilioni, likifa linakaa stoo miaka linasubiri spea. Na ndani yake kuna nini? Taa ya infraredi ambayo panya haioni, kipokezi cha kuhisi mwanga wake, kimota cha kudondosha chakula na bodi ya kuhesabu basi. Arduino, kibodi kidogo cha kompyuta unachokipangia programu mwenyewe, ipo toka 2005 na michoro yake iko wazi, ruksa kuiga, vilivyobaki vyote Kariakoo vipo.

Tukatengeneza letu. Mwanzoni lilitutesa jamani, kila ikifika saa nne asubuhi linahesabu pua mia tatu na hakuna panya ndani! Tumebadilisha nyaya, tumeandika programu upya, kumbe jua, likifika dirishani linapiga moja kwa moja kwenye kipokezi na jua lina infraredi kibao. Ndo tukafunga kile kipokezi cha rimoti ya TV, chenyewe kinasikiliza mwanga unaopepesa mara 38,000 kwa sekunde, jua halipepesi hivyo kwahiyo halikidanganyi tena. Nyaya tukazipitisha kwenye bomba la chuma maana panya anatafuna, tukaweka na kisaa chenye betri yake ili umeme ukikatika rekodi zisivurugike muda.

Shida iliyobaki ni manunuzi. Boksi la mamilioni kutoka nje linapita, ila rezista ya shilingi mia naambiwa nilete proforma tatu, yani karatasi za bei, na risiti ya mashine ya EFD, muuza spea wa mezani atazitoa wapi? Tunaishia kutoa mfukoni kwetu. Na hapahapa Morogoro panya buku wa shirika la APOPO wanafundishwa kunusa mabomu na TB, mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza 2020, kwahiyo ujuzi wa kufundisha panya tunao nyumbani.

Wakuu wa vyuo naomba mtutengee masurufu kidogo ya spea, hata laki mbili kwa muhula. Na chuo chochote kinachotaka mchoro wa boksi letu kije tu na flashi, tunawapa bure pamoja na programu, na makosa yote tuliyofanya tutawaonyesha.

Fundi wa maabara,
Morogoro