Risala ya wanafunzi wa karakana ya presi kwa Mgeni Rasmi, siku ya maonesho ya ufundi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kuja kufungua maonesho ya karakana yetu. Baada ya risala hii utapita mbele ya meza yenye vipande tisa vya malighafi, vyote vimepita chini ya presi, yaani mashine ya kukandamiza na kukunja malighafi. Sita vimetoka salama, vitatu vimepasuka, na hivyo vitatu tumeviweka kwa makusudi. Kila mgeni akiingia karakana huuliza presi ni ya tani ngapi. Fundi huuliza kwanza kinachowekwa chini yake ni nini, na kwa ruhusa yako tutaanzia hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kipande cha kwanza ni chuma laini, chenye kaboni isiyozidi asilimia 0.25. Hiki ndicho rafiki wa presi, na hesabu zote za mezani huanza nacho. Kukunja shiti (bamba jembamba) ya milimita 2 yenye urefu wa mita 1 juu ya kalibu ya V, yaani kifaa chenye mfereji wa umbo la V, kunataka nguvu ya takriban tani 17, ikiwa mdomo wa kalibu ni milimita 16, yaani mara nane ya unene wa shiti. Ukibana mdomo huo uwe milimita 10, mzigo unapanda hadi tani 27 hivi, na shiti inatoka na alama za kalibu. Unene nao una hila yake: ukiuzidisha mara mbili kwenye mdomo uleule, nguvu inayotakiwa ni mara nne. Presi nyingi hupinda mhimili hapo, kwa fundi kudhani kwamba milimita 4 ni mara mbili tu ya milimita 2.

Chuma laini kikishakunjwa hujirudi kwa nyuzi 1 au 2, kwa hiyo anayetaka nyuzi 90 hukunja mpaka 88. Pia hutazama mistari ya kiwandani, ule mwelekeo ambao shiti ilipita kwenye rola, na kukunja kwa kuikata mistari hiyo. Ukikunja sambamba nayo, nyufa ndogo hutokea mgongoni mwa kona, na hazionekani mpaka rangi ianze kubanduka.

Kipande cha kwanza kati ya vile vilivyopasuka ni bati la kuezekea. Watu hushangaa, maana nalo ni chuma, na ni jembamba. Mabati mengi ya kuezekea ni ya daraja la G550, yaliyopitishwa kwenye rola yakiwa baridi hadi yakakakamaa. Yanavumilia mawimbi mapana ya paa, lakini ukilikunja bati la aina hiyo likalala juu yake lenyewe, linakatika kwenye mkunjo. Anayetaka ndoo au birika atafute bati laini, hata kama kwa macho yote mawili yanang'aa sawasawa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba tukae kidogo kwenye alumini, kwa kuwa sufuria ya kila jiko hapa inatoka huko. Alumini inayofaa kuvutwa, yaani kusukumwa ndani ya kalibu hadi iwe sufuria, ni ile iliyo karibu kuwa safi, ya namba 1050 au 1100, au yenye manganizi kidogo, namba 3003, na iwe katika hali ya O, maana yake imelainishwa kwa moto. Tuseme tunataka sufuria yenye kipenyo cha milimita 200 na kina cha milimita 100. Duara la kuanzia hupatikana kwa kuchukua kipenyo mara kipenyo, kuongeza mara nne ya kipenyo mara kina, kisha kutafuta kipeo cha pili: inakuja milimita 346, na juu yake kumi hivi za kupunguzia ukingo. Ukigawanya 346 kwa 200 unapata 1.73. Kikomo cha mvuto mmoja kwa alumini laini ni karibu na 2, kwa hiyo sufuria hii hutoka kwa pigo moja. Sufuria ya kipenyo hichohicho yenye kina cha milimita 200 hutaka duara la 447, uwiano unapita 2.2, nayo lazima ivutwe kwa hatua mbili. Atakayelazimisha hatua moja atabaki na kitako mkononi na ukingo ndani ya kalibu.

Makosa mawili ya sufuria ni ndugu wanaogombana. Bamba linaloshika ukingo likiwa legevu, ukingo hufanya makunyanzi kama kitambaa kilichokusanywa. Likibana kupita kiasi, bati halitelezi kuingia ndani, na sufuria hutoboka pale kitako kinapokutana na ukuta. Ikitoboka hapohapo ingawa bamba limelegezwa, tazama kona ya kalibu dume, ile inayosukuma bati ndani, huenda ni kali mno, au mafuta hayakufika. Na ukiona mdomo wa sufuria umeota masikio manne, usiilaumu presi. Hayo yametoka kwenye rola za kiwanda cha shiti, na dawa yake ni kuyakata.

Alumini iliyokakamaa hulainishwa kwa nyuzi joto 350 hadi 400 za Selsiasi. Shida ni kwamba haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kwa 660, hivyo jicho peke yake huchelewa. Mafundi wa zamani hupaka sabuni ya mche juu ya bati. Sabuni ikigeuka kahawia inayoelekea weusi, moto unaondolewa. Alumini ya namba 6061 katika hali ya T6, yaani iliyokazwa kwa joto, ile ya ngazi na fremu, ndiyo kipande chetu cha pili kilichopasuka. Kona yake ya ndani hutaka nusu kipenyo cha mara mbili au tatu ya unene, sisi tukaipa mara moja, ili uone.

Stenlesi namba 304 hutaka nguvu kama mara moja na nusu ya chuma laini, na huzidi kukakamaa kadiri unavyoifanyia kazi. Huganda kwenye kalibu ya chuma na kuacha mikwaruzo, kwa hiyo hufunikwa karatasi ya plastiki au kalibu hutengenezwa kwa shaba yenye alumini. Hapa kuna jambo la kuwafaa wanunuzi: watu hupima stenlesi kwa sumaku. Shiti ya 304 ikiwa bapa haishiki sumaku, ila ikishavutwa kuwa sinki, kona zake hushika sumaku, kwa kuwa mkandamizo umebadili mpangilio wa ndani wa chuma. Upande wa pili, stenlesi za jamii ya 200, zenye nikeli kidogo na manganizi nyingi, hazishiki sumaku na bado hupata kutu upesi. Sumaku, kwa kweli, imewatapeli wengi kwa pande zote mbili.

Shaba nyekundu ni tamu kuifanyia kazi. Ikikakamaa, ipashe moto hadi wekundu hafifu na uitumbukize majini. Tofauti na chuma chenye kaboni, maji hayaikazi. Shaba ya manjano yenye shaba asilimia 70 na zinki 30 nayo huvutika vizuri. Kipande chetu cha tatu kilichopasuka ni shaba ya manjano yenye risasi asilimia 3 hivi, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine ya kukereza. Hukatika vipande vidogo vizuri sana kwenye kukereza, na kwa sababu hiyohiyo hufa kwenye presi.

Mezani pia kuna sahani ya melamini, aina ya plastiki ngumu. Huanza kama unga, hubanwa kwenye kalibu yenye joto la nyuzi 150 hadi 170, na ikishaiva haiyeyuki tena. Kalibu ikifunguliwa mapema, sahani hutoka na malengelenge.

La mwisho ni tofali la udongo na saruji. Hapa unyevu ndio kila kitu. Finyanga donge kiganjani, lidondoshe kutoka urefu wa mita 1 hadi kwenye sakafu ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, mchanganyiko uko sawa. Likibaki donge moja bapa, maji yamezidi. Likisambaratika kama unga, ongeza maji. Kisha tofali lifunikwe na kumwagiwa maji kwa siku 7 angalau, maana saruji haikomai kwa kubanwa.

Chuma cha kusubu, kile cha maganda ya injini, hatukukiweka kabisa, wala bamba la springi la gari likiwa baridi. Havipindi, hukatika ghafla, na kipande huruka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Mabaki ya shiti tunayopewa huja bila namba ya aina wala hali yake, na shiti isiyo na jina haihesabiki. Tunaomba utusaidie kuwashawishi wenye viwanda waandike kwa kalamu ya wino usiofutika: aina, hali, unene. Tunaomba kipimo cha ugumu, hata kile kidogo cha mkononi. Tunaomba tanuru lenye kipimajoto, ili sabuni ya mche irudi kufulia. Na kwa presi yetu kubwa, tunaomba pazia la mwanga linaloisimamisha mkono ukiingia. Vitufe vya mikono miwili inavyo, lakini vinamlinda aliyevishika tu, na si msaidizi aliyesimama ubavuni.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa karakana ya presi