Asili ya lugha: tuache kubahatisha tarehe, tuipime darasani

Bwana Mhariri,

Makala yenu juu ya asili ya lugha imewaambia wasomaji kwamba binadamu alianza kusema miaka 40,000 iliyopita, huko Ulaya, alipoanza kuchora kwenye mapango. Dai hilo ni la zamani na wataalamu walishaliacha. Kulisoma hapa Goma kunashangaza zaidi, maana baadhi ya vitu vilivyolitikisa vilichimbuliwa katika jimbo letu. Huko Katanda, ukingoni mwa mto Semliki, si mbali na Ishango, wachimbuaji walipata vyusa vya mfupa vyenye meno, pamoja na mabaki ya kambare wakubwa. Mwaka 1995 walitangaza umri wake: miaka kama 90,000.

Chusa hakithibitishi kwamba aliyekichonga alikuwa akisema. Kinathibitisha jambo dogo zaidi, nalo ni kwamba ufundi wenye hatua nyingi (kupasua mfupa, kuukwangua, kukata meno bila kuuvunja, kujua kambare watakuja lini) ulikuwa ukirithishwa kutoka kwa mtu hadi mtu. Ushahidi wote wa aina hii una kasoro hiyohiyo. Mfupa wa kooni uliopatikana katika pango la Kebara, Israeli, mwaka 1983, wa Neanderthal (binadamu wa kale, ndugu wa ukoo wetu) aliyeishi miaka kama 60,000 iliyopita, unafanana sana na wetu, lakini ulimi wake ulioza zamani. Na jeni (chembe ya urithi) ya FOXP2, iliyotambuliwa mwaka 2001 kupitia familia moja ya London ambayo karibu nusu yao walishindwa kutamka sawasawa, magazeti yaliibatiza “jeni ya lugha”. Panya naye anayo.

Swali la “lini” linagoma kujibika kwa sababu lugha ina sehemu nyingi na kila sehemu ina umri wake. Tumbili wa Amboseli, Kenya, wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka. Watafiti walilionyesha hilo mwaka 1980 kwa kuwapigia milio iliyorekodiwa na kutazama nani anapanda mti, nani anaangalia juu, nani anasimama na kuchungulia majani. Bonobo, jamaa wa sokwe, ambao porini hawapatikani popote ila Kongo, huunganisha milio hata maana ya jumla ikatokana na maana ya vipande. Utafiti huo, uliofanywa katika hifadhi ya Kokolopori, ulitolewa mwaka 2025. Ila hakuna tumbili wala bonobo aliyesikika akieleza kwamba chui alipita jana. Kinachotutenganisha nao kwa umbali mkubwa ni mpangilio: vipande vichache vinavyopangwa upya kila mara. Mpangilio huo ulitoka wapi? Swali hili mwalimu yeyote anaweza kulichunguza kwa makaratasi.

Jaribio lenyewe lilifanywa na mwanaisimu Simon Kirby na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, likachapishwa mwaka 2008. Wao walitumia kompyuta. Darasani kadi zinatosha. Kata kadi 27. Chora maumbo matatu (duara, mraba, pembetatu), kila moja kwa rangi tatu (nyeusi, bluu, nyekundu), na kila kadi iwe na mshale wa mwendo: kwenda moja kwa moja, kurukaruka, au kuzunguka. Tatu mara tatu mara tatu. Kisha kila kadi ipewe jina lisilo na maana, la silabi mbili hadi nne, kwa kuokota vikaratasi vya silabi mfukoni.

Hapo kwenye silabi ndipo mtego wa kwanza. Watoto wetu wanasema Kiswahili, Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, Mashi, lugha ambazo zote zina viambishi vya mwanzo. Ukiweka ki, vi, wa, mi, au ka, tu, ba na bi za Kiswahili chetu cha Kongo, watoto watapanga majina kwa sarufi waliyokuja nayo kutoka nyumbani, na hutajua kama mpangilio umezaliwa darasani au umeletwa. Tumia silabi kama po, ne, lo, fe, ho, du, ze, ro. Hata hizo zikague zikishashikana: ro na ho zinatoa roho, ze na ro zinatoa sifuri ya Kifaransa. Majina ya namna hiyo yatupe, uokote mengine.

Mwanafunzi wa kwanza aonyeshwe kadi 14 tu pamoja na majina yake, mara kadhaa. Kisha apimwe kwa kutaja jina la kila moja ya kadi zote 27, bila kuambiwa kwamba 13 hajawahi kuziona. Atakachojibu, pamoja na makosa yake, ndiyo lugha atakayofundishwa mwanafunzi wa pili, kwa kadi 14 nyingine zilizochaguliwa kwa bahati. Endelea hivyo hadi wa kumi; hao kumi ni mnyororo mmoja. Kosa linaloharibu kila kitu ni mwalimu kusahihisha. Najua mkono unawasha, lakini kosa la mtoto ndilo kitu chenyewe tunachokipima. La pili ni minong’ono: aliyemaliza asikae karibu na anayesubiri zamu.

Ubaoni andika mambo mawili kwa kila zamu: majina tofauti yamebaki mangapi, na mwanafunzi amekosea mangapi. Kule Edinburgh makosa yalipungua zamu hadi zamu, lakini majina nayo yaliporomoka. Katika mnyororo mmoja, kila kitu kilichokwenda moja kwa moja kiliishia kuitwa “tuge”, kiwe duara au mraba, chekundu au cheusi. Asije mtu akasema watoto ni wavivu. Lugha iliyopita tu kwenye kumbukumbu, bila mtu kuhitaji kueleweka, hujirahisisha hadi karibu ishindwe kusema lolote.

Kwa hiyo rudia na kikundi kingine, ukiongeza hatua moja. Kabla ya kumfundisha anayefuata, kagua orodha. Jina moja likishika kadi nyingi, bakiza kadi moja tu yenye jina hilo na uziondoe nyingine kwenye mafunzo, kimyakimya. Edinburgh walipofanya hivyo majina hayakuporomoka tena. Yaligawanyika. Katika mnyororo mmoja, mwanzo wa neno ukawa rangi (n kwa nyeusi, l kwa bluu, r kwa nyekundu), mwisho ukawa mwendo (-ki, -plo, -pilu), na umbo likakaa katikati. Ni ujenzi uleule wa a-na-soma, wa-li-soma, tu-ta-soma, na kati ya washiriki wale hakuna hata mmoja aliyekusudia kuujenga. Kila mmoja alidhani anakumbuka tu.

Mtu atapinga kwamba washiriki wale tayari walikuwa na lugha zao. Ni pingamizi halali, na jibu lake liko Nikaragua. Shule za Managua zilipokusanya watoto viziwi mwishoni mwa miaka ya 1970, walikuja na ishara za nyumbani, kila mmoja zake. Walioingia wadogo, wakazipokea kutoka kwa waliotangulia, ndio waliozitia sarufi iliyokaza zaidi kuliko ya wakubwa wao.

Kwa darasa la watoto sitini, kama yalivyo mengi hapa mjini, unda minyororo sita ya watoto kumi: mitatu bila kuchuja, mitatu kwa kuchuja. Usikubali kufanya mmoja mmoja tu kwa kuokoa muda, kwani mnyororo mmoja unaweza kwenda kombo kwa sababu ya mtoto mmoja mwenye usingizi. Majibu yaandikwe kama yalivyotamkwa, na karatasi za kila zamu zitunzwe kwa mpangilio. Zikichanganyika, huwezi kujua tena kipande gani kilianza kwa nani.

Wenu,
Mwalimu wa lugha, Goma