Pumzi Kabla ya Wimbo

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kama ilivyo ada yetu. Mimi sijambo, afya ninayo, ila macho yamechoka kwa kukesha mbele ya kompyuta. Natumai nawe u mzima, na ile sauti iliyokuwa imekauka kwa mafua imesharudi.

Ama baada ya salamu, nina jambo la kukuomba, na sikutaka kuliomba kwa simu. Kwenye simu ungenijibu "haya, sawa" upesi upesi ili usinivunje moyo, nami nataka ulifikirie kwanza. Ndiyo maana nakuandikia yote tangu mwanzo, uamue mwenyewe ukiwa umetulia.

Nilikudokezea kwamba natunga kitu kuhusu sisi na miaka ile ya korona. Nilisema "kitu" kwa kuwa nilikuwa sijathubutu kukiita kwa jina lake. Ni opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Fupi, dakika 12 tu, ya kutazamwa kwenye skrini ya simu au kompyuta. Haina jukwaa wala pazia. Ina waimbaji wawili, kinanda na selo moja (ile fidla kubwa ya sauti nzito), na kila mmoja alirekodi peke yake chumbani kwake, mimi nikaviunga. Hadithi yake ni ndogo: marafiki wawili waliozoea kuimba pamoja wanafungiwa, kila mtu kwake. Wanajaribu kuimba kwa simu. Wanashindwa, na kesho yake wanajaribu tena.

Opera nyingi ninazozijua zimejaa mapenzi, wivu na visasi. Urafiki haujapewa nafasi kubwa. Bizet, mtunzi Mfaransa, katika opera yake iliyochezwa Paris mwaka 1863, aliwapa wanaume wawili wimbo wa kuapiana kubaki marafiki, na ni wimbo unaopendwa hadi leo, lakini hata hapo kuna mwanamke kati yao. Halafu kuna ile ya Poulenc, Mfaransa mwingine, ya mwaka 1959: mwanamke mmoja jukwaani, peke yake, anazungumza kwa simu kama dakika 40 na mpenzi anayemwacha. Anayezungumza naye hatumsikii hata mara moja, na laini inakatika kila mara. Niliposikiliza hiyo nikajiambia, mbona haya ndiyo maisha yetu ya mwaka 2020, isipokuwa sisi hatukuwa tunaachana.

Simu yangu ya zamani ilikuwa droo ya chini, chini ya vitambulisho vilivyokwisha muda. Niliichaji nikitafuta picha tu. Nikakuta jumbe zako za sauti, zimejipanga kuanzia Aprili 2020. Nilikaa sakafuni nikazisikiliza zote mpaka usiku. Nilikuwa nimesahau jinsi ulivyokuwa ukianza. Hukuwa unasema "hujambo" wala jina langu. Unahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Unavuta pumzi. Kisha unaimba mstari wako na kuniachia wangu.

Unakumbuka kwa nini tulifika huko? Mazoezi yalisimamishwa Machi, wiki ile ile ambayo Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga, tarehe 11. Tulidhani ni wiki mbili. Kisha ikaja habari ya ile kwaya ya jimbo la Washington kule Marekani: tarehe 10 Machi watu 61 walihudhuria mazoezi ya jioni moja, wakaugua 53, na wawili wakafariki. Ulinisomea habari ile polepole, ukanyamaza. Tangu utoto tulikuwa tumeambiwa fungua kinywa, toa sauti, na sasa pumzi yenyewe ndiyo imekuwa hatari.

Basi tukahamia kwenye simu ya video. Na hapo ndipo tulipogombana, tena kwa uchungu. Ulisema nakuburuza, nami nikasema wewe ndiye unayechelewa. Nataka ujue leo kwamba hakuna aliyekuwa na kosa. Nimelisoma jambo hili kwa makini kwa sababu ya opera. Ukumbini sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mwenzako akisimama mita 10 kutoka ulipo, sauti yake inakufikia baada ya milisekunde 30 hivi (milisekunde elfu moja ndizo sekunde moja), na sikio linasamehe. Simu ya video ni habari nyingine. Inaikata sauti vipande vidogo vidogo, inavibana, inavituma, inangoja vilivyochelewa njiani, kisha inaviunga upande wa pili. Kwenda tu kunaweza kula milisekunde 100, 200 au zaidi, na kurudi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo wewe ulikuwa unanisubiri, nami nakusubiri, na wimbo ukazidi kuzembea mpaka ukalala kabisa. Tena programu zile zimetengenezwa kwa mazungumzo. Noti ikishikwa muda mrefu zinaidhania mvumo wa feni, zinaizima. Watu wawili wakitoa sauti kwa pamoja, zinampa nafasi mmoja na kumshusha mwingine. Wewe uliposhika ile noti ya juu, mimi nilisikia kimya, nikadhani umekasirika.

Nilipoanza kutunga nilifanya kama wanavyofanya wengi. Mwaka 2010 Eric Whitacre, mtunzi wa Marekani, aliunganisha sauti 185 kutoka nchi 12, kila mwimbaji akiwa amejirekodi nyumbani huku akifuata mwongozo mmoja, na janga lilipokuja njia hiyo ikawa ndiyo kimbilio la kwaya kila mahali. Nami niliwatumia waimbaji wangu mdundo wa kufuata kwenye hedifoni, wakaimba, nikapanga. Ilitoka safi. Kila kitu mahali pake. Niliisikiliza mara tatu na sikuhisi lolote, maana hakuna aliyekuwa akimsubiri mwenzake. Wote wawili walikuwa wakiisubiri mashine. Nikaifuta. Kazi ya wiki sita, swahiba, na sikujuta.

Niliporudi kwenye karatasi niliamua kuutunga ule uchelewaji wenyewe. Sauti ya pili inaimba kile kile ilichoimba ya kwanza, ila imechelewa midundo mitatu. Mstari umepangwa hivi kwamba noti ya aliyechelewa inamkuta mwenzake ameshapanda, na zikikutana zinapatana. Mtu asiyejua atadhani niliwaandikia sauti mbili tofauti. Kumbe ni moja. Katika onyesho la pili uchelewaji unaongezeka, na zile noti zilizokuwa zikipatana zinaanza kuumana. Kuna mahali zinakaa nusu sauti kati yake kwa muda mrefu, selo iko chini inakwaruza tu, na mwimbaji wa pili alinipigia akiuliza kama nimekosea kuandika. Sikukosea. Hapo ndipo pale ulipokata simu.

Nikueleze kidogo kuhusu huyo mwimbaji, maana ungempenda. Hakuwa na chumba kisicho na mwangwi, akaingia kabatini, makoti kulia na kushoto, simu ameiegemeza kwenye rundo la vitabu. Kwenye rekodi yake ya kwanza, kila alipopandisha sauti, mkono wake uligusa hanga ya chuma ikalia tiii, kidogo sana. Aliniomba radhi akataka kurudia. Nilimwambia aache. Hanga ile imelia mara mbili katika opera, na mara ya pili inaangukia kwenye noti ya kinanda kana kwamba imeandikwa.

Mambo mengine yalikuwa ya kusumbua tu. Video za simu hazishiki idadi ile ile ya picha kwa kila sekunde, kwa hiyo ilipofika dakika ya tisa midomo ilikuwa nyuma ya sauti. Niliwaomba wote wapige kofi moja mwanzoni na moja mwishoni, nikapanga kwa makofi hayo.

Sasa nifike pagumu.

Uliwahi kuniambia kwamba msiba si wa kufanyiwa muziki. Nimelibeba neno hilo muda wote huu. Nilijiuliza kama nina haki. Katika kusoma kwangu nilikutana na habari za Venice, mji wa Italia. Mwaka 1630 na 1631 tauni iliua karibu theluthi moja ya watu wa mji ule. Monteverdi, aliyekuwa ametunga opera zake za kwanza zamani kwa watawala, alikuwa akiishi humo humo, akiongoza muziki wa kanisa la San Marco. Mwaka 1637, mji ukiwa bado una makovu, ulifunguliwa ukumbi wa kwanza wa opera ambao mtu wa kawaida aliweza kulipa kiingilio na kuingia. Sisemi tauni ndiyo iliyouzaa ukumbi ule. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini siachi kuwafikiria watu waliokaa viti vile usiku wa kwanza. Nadhani hakuna aliyekuwa hajazika mtu. Na walikaa karibu karibu, bega kwa bega, kusikiliza watu wakiimba.

Mama yako alipofariki sikuja. Hilo nimelisema mara nyingi na wewe umenisamehe mara nyingi, lakini mimi bado. Walioruhusiwa kusimama kaburini walihesabika, nami nilikuwa mbali na njia zimefungwa. Niliangalia kwa simu. Aliyeishika alikuwa analia, kwa hiyo nilichokiona zaidi ni viatu na udongo. Usiku ule ulinipigia, na hatukuzungumza. Niliacha simu juu ya mto, sikioni, nikakusikia ukipumua na saa ya ukutani kwako ikienda. Baada ya muda nilisinzia, na nilipoamka laini ilikuwa bado haijakatika.

Asubuhi yake ulinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde 47. Sijui kama unaukumbuka. Kiti kinaburutwa. Unakohoa. Unasema, "Ngoja nimwimbie ule aliokuwa anaupenda." Unahesabu, moja, mbili, tatu, nne. Unavuta pumzi. Halafu hakuna kitu. Pumzi inatoka peke yake, bila wimbo. Mlango unafungwa mahali fulani ndani ya nyumba, na unasema, "Nitajaribu kesho."

Kesho yake ulijaribu kweli. Lakini opera yangu inaishia kwenye ile pumzi.

Nilijaribu kuipata kwa njia nyingine, naapa. Nilimwomba mwimbaji wa kwanza avute pumzi kama mtu anayetaka kuimba na hawezi. Alivuta vizuri mno. Ni mwimbaji aliyefunzwa, pumzi yake inashuka hadi tumboni, ukiisikia unajua wimbo uko tayari nyuma yake. Tulirudia mara kumi na moja. Ile yako inaishia kifuani. Imekwama kidogo katikati, kama mlango wenye unyevu. Siwezi kuiandika kwenye karatasi na hakuna wa kuiigiza.

Ombi langu ndilo hilo: sekunde nne. Bila maneno yako, bila jina lako wala la mama, bila mlango. Hesabu na pumzi tu, mwishoni, skrini ikiwa nyeusi. Waimbaji wote wawili wameshanyamaza. Mmoja wao aliniuliza kwa nini siwakutanishi mwishoni, waimbe pamoja angalau mstari mmoja, watu wafarijike. Nililifikiria sana. Hata mstari huo niliuandika, na ni mzuri. Lakini mimi na wewe tangu siku zile hatujasimama chumba kimoja tukaimba, na siwezi kuwapa wale wawili kitu ambacho sisi bado tunakidai.

Ujumbe wenyewe sijamsikilizisha mtu yeyote. Waimbaji hawaujui. Nimeuhifadhi mahali pawili, na ukisema niufute kwenye kazi hii nitaufuta kwenye kazi, ila kwenye simu ile ya zamani naomba uniachie. Ukikataa, nitaacha sekunde nne za kimya pale pale, na opera itasimama. Nimeshaipima hivyo, inasimama. Usikubali kwa kunihurumia. Unajua naweza kukusikia ukinihurumia hata kwa maandishi.

Nimekuwekea humu maneno yote ya opera, kurasa tatu, uyasome kabla ya kuamua. Pale penye mistari iliyopigwa wino mwekundu ni maneno yako mwenyewe, niliyoyachukua kwenye simu zetu. Kama kuna ambalo hutaki litoke nje, likate kwa kalamu, usinieleze sababu.

Wasalimie wote nyumbani, na mdogo wako mwambie nimepokea picha zake.

Ukikataa, niandikie barua kama hii. Ukikubali, usiandike. Nitumie ujumbe wa sauti, uhesabu moja hadi nne.

Ni mimi,
swahiba wako