Barua kwa Mwanangu Aliyeajiriwa Ofisi ya Usajili wa Watu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Msambweni. Mama yako na nduguzo hawajambo, nasi sote tumefurahi kusikia kwamba umepata kazi katika usajili wa watu. Hata hivyo, kuna jambo katika barua yako lililoninyima usingizi. Uliandika kwamba aliyeingia nchini kinyemela hana haki ya kudai kitambulisho, na kwamba yeye na kizazi chake warudi walikotoka. Umelelewa ujirani na Wamakonde, na sidhani kwamba ulikuwa unawafikiria wao ulipoandika neno hilo "kizazi".

Wazee wao walitoka kaskazini mwa Msumbiji, wengi wao wakati wa ukoloni, wakaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Mwingereza alipohitaji mikono yao, hakuna aliyewaita wahamiaji haramu. Uhuru wa Kenya ulipopatikana mwaka 1963 walibaki bila kuandikwa popote, na watoto na wajukuu wao wakazaliwa hapa hapa, huku Msumbiji nako hawajulikani. Ukisema warudi, mwanangu, sema pia warudi wapi.

Unamkumbuka jirani yetu mchonga vinyago. Laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina langu kwa sababu hakuwa na kipande, yaani kitambulisho, kwa hiyo kila mnunuzi alipomtumia fedha kwa M-Pesa, ilinibidi nifuatane naye hadi kwa wakala, nitoe kipande changu na kutia sahihi, ndipo ahesabiwe jasho lake mwenyewe. Mtu mzima, baba wa watoto, alisimama kando akinisubiri mimi nithibitishe kwamba fedha ni zake. Niliona haya kila mara.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 iliwafungulia njia watu wa namna hii: asiye na uraia wa nchi yoyote, aliyeishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, aliruhusiwa kuomba asajiliwe kuwa raia, na wazao wake pia wakawekewa kifungu chao. Masharti yalikuwepo, kama vile kujua Kiswahili au lugha ya mahali na kutowahi kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Lakini njia hiyo ilipewa muda wa miaka mitano, na nyongeza isiyozidi mitatu. Ile mitano ya kwanza ilikwisha Wamakonde wakiwa bado hawajasajiliwa, hata Oktoba 2016 wakatembea kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa mwaka. Wapemba, watu wa pwani wenye asili ya kisiwa cha Pemba ambao nao hawakuwa na uraia, walisubiri hadi 2023, wakati wa Rais William Ruto. Nilishangilia mara zote mbili, lakini linaniuma kwamba haki iliyokwisha kuandikwa katika sheria ilibidi ifuatwe kwa miguu hadi Ikulu.

Najua wenzako watakwambia habari za usalama, na za madalali wanaowauzia wageni vitambulisho. Wana hoja, kwani serikali inayojali watu wake lazima ijue nani anaingia, na dalali wa namna hiyo astahili kushtakiwa. Mchunguze kila mwombaji, uwaulize wazee wa mtaa, ulinganishe maelezo yake na kumbukumbu zilizopo. Kumchunguza mtu, hata hivyo, si sawa na kumfukuza dirishani kabla hajafungua kinywa kwa sababu ya chale za usoni au jina la babu yake.

Dada yake yule mchongaji alikuwa mgonjwa wakati wenzake walipoandikishwa, na mpaka leo hana kipande. Nimemshauri aje ofisini kwenu mwezi ujao. Simwombei upendeleo. Ninachoomba ni kwamba maombi yake yapokewe, apewe stakabadhi, na yakikataliwa aandikiwe sababu, ili awe na kitu cha kupeleka mahakamani.

Mama yako anauliza kama umepata nyumba ya kupanga.

Ni mimi baba yako akupendaye.