Heri ya Pasaka, hasa kwako uliyekuja na mashaka yako

Kristo amefufuka! Ndugu, jamaa na marafiki, nawatakia nyote Pasaka njema yenye afya na amani. Mliofunga siku 40 mkazimaliza, hongereni. Mlioishia njiani, Pasaka ni yenu pia. Mlio safarini, fikeni salama. Na mlio msibani, au mnaoipokea sikukuu hii wodini kando ya kitanda cha mgonjwa, tunawakumbuka kwa majina.

Baada ya hayo, naomba mwaka huu salamu zangu ziende kwa namna ya pekee kwa mtu ambaye jumbe nyingi za sikukuu humruka. Ni yule ambaye watu wote wanapoitikia "Kweli amefufuka!" naye huitikia, midomo ikicheza, huku moyoni akijiuliza: hivi kweli? Mwingine amekuja kwa kuwa mama yake alimwomba. Mwingine ni kwa ajili ya watoto. Mwingine anaipenda kwaya, basi. Hawasemi, kwa sababu ukisema tu, wawili wataanza kukuombea kwa sauti na wa tatu atakutumia video ndefu ya mhubiri anayefoka. Ndugu yangu, leo hakuna video. Keti tuzungumze.

La kwanza ningependa ujue ni kwamba Pasaka ya kwanza ilijaa watu kama wewe. Wanawake walirudi kutoka kaburini na habari, na mitume, kwa maneno ya Luka, wakaziona kuwa ni upuuzi. Wale wawili waliokuwa wakienda Emau walimwambia mgeni waliyekutana naye njiani kwamba wao walikuwa wakitumaini. Walikuwa, yaani yamekwisha. Hata Mathayo, anapofika kwenye mlima wa Galilaya mwishoni mwa Injili yake, anaandika katika mstari mmoja kwamba walimsujudia na kwamba baadhi yao waliona shaka. Mtu anayetaka kutunga hadithi ya kuvutia watu angeufuta mstari huo. Mimi huuona kuwa miongoni mwa mistari ya kuaminika kuliko yote.

Lakini aliyebebeshwa mzigo wa wote ni Tomaso. Tunamwita "mwenye shaka" kana kwamba ndilo jina alilobatiziwa. Yohana, anayetusimulia habari zake kuliko wainjili wengine, anatuonyesha mtu tofauti. Yesu alipotaka kurudi Uyahudi, ambako muda mfupi kabla walitaka kumpiga mawe, wanafunzi walijaribu kumzuia, na Tomaso ndiye aliyesema twendeni na sisi tukafe pamoja naye. Kwenye karamu ya mwisho Yesu aliposema kwamba njia ya aendako wanaijua, Tomaso akajibu kwamba hata aendako hawapajui, sasa njia wataijuaje? Nina hakika hakuna aliyekuwa anajua pale mezani, ila yeye ndiye aliyefungua mdomo. Shaka ya mtu wa namna hii haitokani na ubishi. Alikuwa tayari kufa na mtu fulani, kisha mtu huyo akafa bila yeye.

Jioni ya Pasaka, Yesu alipowatokea wanafunzi, Tomaso hakuwepo. Kumi waliokuwepo wakamwambia wamemwona Bwana, naye akaweka sharti lake: asipoziona alama za misumari, asipotia mkono wake ubavuni, hasadiki hata kidogo. Kisha Yohana anaandika kwamba baada ya siku nane wanafunzi walikuwa ndani tena, na Tomaso alikuwa pamoja nao.

Siku nane! Tunazipita haraka ili tufike kwenye lile jibu lake maarufu, nami naomba leo tukae hapo kidogo. Nyumba moja, milango imefungwa kwa hofu. Kumi wana furaha ambayo hawawezi kuificha, na mmoja yumo humo humo, na furaha hiyo si yake. Kila neno la shangwe linamchoma. Angeweza kuaga akarudi kwake. Wao nao wangeweza kumwambia kwamba asiyesadiki hana nafasi hapa. Yeye hakuondoka, wao hawakumfukuza. Na hatuoni popote kwamba walifaulu kumshawishi. Kama ushuhuda wa watu kumi aliotembea nao muda wote ule haukumtosha, wewe usijione umelaaniwa kwa sababu mahubiri ya asubuhi moja hayakukutosha.

Siku ya nane Yesu anakuja, na bila kukaripia anampa kile kile alichokitaka: leta kidole, leta mkono. Mchoraji wa Kiitaliano Caravaggio, katika mchoro wake maarufu wa mwanzoni mwa miaka ya 1600, amekiingiza kidole cha Tomaso ndani ya jeraha kabisa, hata unasisimka mwili ukiutazama. Yohana hasemi kwamba aligusa. Anasema tu kwamba alijibu, "Bwana wangu na Mungu wangu." Sharti alilolishikilia wiki nzima likaachwa pale, halina kazi tena. Yale maneno ya heri kwa wasioona wakasadiki, ambayo watu hupenda kuwachapia wenye mashaka kama fimbo, yalikuja baada ya majeraha kuonyeshwa. Tomaso alijibiwa kwanza.

Kwa hiyo ukiniuliza mwenye shaka hufikaje kwa Mungu, nitakujibu kwamba wengi ninaowafahamu kwa kuwasoma, na wengine kwa kuwaona, walifika kwa kukaa karibu, mashaka yao yakiwa wazi, hadi wakati wasioupanga wenyewe.

Mtazame Augustino. Alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, Aljeria ya leo, kwa mama Mkristo, Monika. Ujanani aliona Maandiko yameandikwa kienyeji mno kwa msomi kama yeye, akajiunga na Wamani, kundi la dini la wafuasi wa mtu aitwaye Mani, na kukaa nao kama miaka tisa. Walipomchosha, aliangukia kwa wanafalsafa waliofundisha kwamba hakuna jambo mtu anaweza kuwa na uhakika nalo. Mwaka 384 akapata kazi ya kufundisha ufasaha wa kusema mjini Milano. Hapo akaanza kwenda kumsikiliza askofu Ambrosi. Kwa nini? Kwa sababu Ambrosi alikuwa msemaji hodari, na Augustino alitaka kusikia jinsi sentensi zinavyopangwa! Yaliyosemwa hakuyajali, ila yaliingia pamoja na sentensi. Kwanza akagundua kwamba imani aliyokuwa akiidharau hakuwa ameielewa. Kisha akaona kwamba inaweza kutetewa. Kisha, na hapa ndipo pagumu, akaona kwamba akili yake imekubali lakini yeye mwenyewe hataki, kwa sababu ya maisha ambayo angelazimika kuyaacha.

Mwaka 386, akilia bustanini, akasikia sauti ya mtoto nyumba ya jirani ikiimba chukua usome, chukua usome. Akaifungua barua ya Paulo kwa Warumi na kusoma sentensi moja. Ndiyo sehemu ambayo kila mtu huisimulia. Mimi huona kwamba bustani isingekuwa na maana bila ile miaka miwili ya kukaa kanisani kwa sababu isiyofaa. Na alibatizwa lini? Usiku wa kuamkia Pasaka ya mwaka 387. Ambrosi mwenyewe ndiye aliyembatiza, na pamoja naye wakabatizwa Adeodatus, mwana wa Augustino, na Alypius, rafiki yake. Wewe uliyekuja leo kwa ajili ya kwaya, unaona uko na nani?

Sasa, kuhusu hoja za kuonyesha kwamba Mungu yupo. Sizidharau. Kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu chochote, kwa nini ulimwengu unafuata sheria ambazo akili ya mwanadamu inaweza kuzisoma, kwa nini dhulma inatuuma hata inapompata mtu tusiyemjua: maswali haya yamewafungulia mlango wengi, na yanastahili kufikiriwa kwa makini. Nisichokipenda ni ile tabia ya kumrushia mtu sayansi kama jiwe. Nadharia kwamba ulimwengu ulianza kutoka kwenye kitu kimoja kidogo kilichobanana ilipendekezwa mwaka 1931 na Georges Lemaître, Mbelgiji, mwanafizikia na padre Mkatoliki. Hakukubali itumike kuwa uthibitisho wa uumbaji, na Papa Pius XII alipoelekea huko katika hotuba ya mwaka 1951, padre huyo hakufurahi. Aliamini kwa moyo wote, na bado hakutaka Mungu wake ategemee hesabu ambayo kesho inaweza kusahihishwa.

Hata waliokuwa mabingwa wa hoja walisema kwamba wao hazikuwafikisha zenyewe. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye ndugu zetu Waislamu wanamheshimu mno, alisimulia jinsi shaka ilivyomshika kwa karibu miezi miwili hata hakuamini macho yake wala akili yake. Alitoka humo, akasema, si kwa kupanga dalili na maneno, bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Blaise Pascal naye alikuwa mwanahisabati wa kupigiwa mfano. Mwaka 1654 yeye na mwanahisabati mwenzake Fermat walikuwa wakiandikiana barua zilizoweka msingi wa hesabu za uwezekano. Novemba 23 ya mwaka huo huo, kuanzia kama saa nne na nusu usiku hadi kama saa sita na nusu, kulimpata jambo ambalo hakumwambia mtu. Alipofariki mwaka 1662, mtumishi alihisi kitu kigumu ndani ya bitana ya koti lake. Walipofumua mshono wakakuta karatasi imeandikwa tarehe, saa, neno "Moto", na kwamba huyu ni Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, si wa wanafalsafa na wasomi. Alikuwa ameivaa karibu miaka minane, kifua na karatasi, bila kuwaonyesha hata rafiki zake.

Sisemi na wewe usubiri moto. Wengi hawaupati, na hawapungukiwi.

Kuna wenye shaka ya aina nyingine, na hao ndio ninaowawaza zaidi wiki hii. Shaka yao haikutoka vitabuni, ilitoka makaburini. Uliomba mtoto apone, hakupona. Ukaambiwa ni mapenzi ya Mungu, na tangu siku hiyo neno "Mungu" limekuwa na ladha chungu. Kwako sina hoja, na anayekuja nayo mwambie apumzike. Nitakuonyesha tu kitu kilichomo ndani ya Biblia yenyewe. Ifungue Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo huanza kwa kilio na kuishia kwa sifa. Hii inaanza kwa kilio, inaendelea kwa kilio, na neno lake la mwisho ni giza. Hakuna aliyeongeza mstari wa kuipoza. Wazee waliokusanya sala za watu wa Mungu waliona hii nayo ni sala, wakaiweka. Na Ijumaa Kuu Yesu mwenyewe alikufa na Zaburi ya 22 mdomoni, akiuliza mbona ameachwa. Kwa hiyo ukimgombeza Mungu leo, hujatoka nje ya ibada. Mtu hamgombezi asiyekuwepo, ingawa hilo nakuachia ulipime mwenyewe.

Na tusidanganyane kwamba ukishaamini giza linakwisha. Barua za Mama Teresa zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, watu walishangaa kukuta kwamba karibu nusu karne aliomba bila kuhisi kwamba yupo anayesikia. Asubuhi aliamka, akaomba, akaenda kwa wagonjwa. Sijui kama kuna anayeweza kusema huyo hakuwa na imani.

Nanyi wapendwa mlio na hakika, nawaomba sana sikukuu hii. Mkiwa na ndugu wa namna hii nyumbani, msimgeuze ajenda ya siku. Msimtajie moto wa milele kabla hajamaliza kula. Mwulizeni habari za kazi, chekeni naye, na akiuliza jambo msilojua, semeni hamjui. Wale kumi walikaa na Tomaso siku nane, wala hatusikii kwamba walimtenga.

Na wewe, kama unataka kuanza mahali, ipo sala ya mtu asiye na jina katika Injili ya Marko, baba wa mtoto mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtoto wake aliponywa kwa imani hiyo hiyo ya nusu nusu. Ikikushinda hata hiyo, sema tu: kama upo, niko hapa. Kisha fanya jambo moja ambalo ungelifanya kama ungeamini: samehe deni, nenda kamwone uliyemkwepa, kaa kimya robo saa. Usijichunguze kila jioni kuona kama imani imeota.

Kama unajiuliza urudi lini, jibu ninalo. Jumapili ijayo, makanisa mengi duniani yatasoma habari hii hii ya Tomaso; kwa Wakatoliki huwa ndilo somo la Injili kila mwaka wiki moja baada ya Pasaka, na Waorthodoksi wameiita siku hiyo kwa jina lake. Shamrashamra zitakuwa zimekwisha na viti vingi vitakuwa vitupu, kwa hiyo nafasi ya kukaa haitakusumbua. Heri ya Pasaka, wewe na wa nyumbani mwako wote.