Mchoro wa mwaka wa kwanza uishie kwenye chuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wanaofundisha mwaka wa kwanza wa uhandisi. Mimi ni fundi mkerezaji, karakana yetu iko Gerezani. Kila likizo ndefu tunapokea vijana wa vyuo wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo, wenyewe wanaita fildi. Ni vijana wenye akili na adabu. Ila wengi wanafika na hesabu kichwani na michoro mkobani, na vitu hivyo viwili havijawahi kukutanishwa.

Juzi kijana mmoja alinichorea shafti ya mashine ya kusaga. Mchoro safi kabisa, kipenyo kimeandikwa milimita 25, basi. Nikamuuliza, "Mwanangu, 25 ipi?" Beringi inayokaa pale ni namba 6205, shimo lake ni milimita 25. Shafti ikipungua hata milimita 0.05, beringi itateleza juu yake na kuila. Ikizidi kiasi hicho hicho, itaingia kwa nyundo, na beringi iliyogongwa haidumu. Kwa kazi kama ile shafti huzidi 25 kidogo tu, kati ya milimita 0.002 na 0.015, na kipimo hicho lazima kionekane kwenye mchoro. Kijana hakuwahi kushika mikromita, kifaa cha kupimia tofauti ndogo kama hizo. Akanieleza, "Fundi, sisi michoro tulisoma peke yake, karakana ikaja baadaye." Mchoro wake wa darasani ulisahihishwa kwa kalamu nyekundu, ukaishia kwenye faili.

Sisemi hesabu zipunguzwe, hata kidogo. Mteja mmoja alitaka shafti yake iliyolika tuikereze ishuke kutoka milimita 25 hadi 20, akwepe kununua chuma kipya. Binti aliyekuwa fildi akachukua chaki akamwonyesha palepale: uwezo wa shafti kuhimili msokoto hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo, kwa hiyo ikishuka hivyo inabaki na nusu tu ya nguvu yake. Mteja akaenda kununua chuma. Nilifurahi sana siku ile, na hesabu ile tunaitumia hadi leo.

Nafasi za namna hii ziko nyingi. Sisi kabla ya kuvalisha beringi tunaipasha kwenye oili ya moto. Kutanuka kwa vitu kwa joto wanafunzi wanakusoma tangu sekondari. Wakipiga hesabu wataona kwamba joto likipanda nyuzi 80, shimo la milimita 25 linatanuka karibu milimita 0.024. Kwa kawaida hapo beringi inavaa bila kugongwa. Kwa nini mtu asubiri likizo ya fildi ndipo alione hilo?

Ombi langu ni zoezi moja katika muhula wa kwanza. Kila mwanafunzi achore kipande kidogo, ampe mwenzake mchoro, na mwenzake akitengeneze kwa kuufuata mchoro tu, bila ruhusa ya kuuliza neno. Kisha wakipime wote wawili, na aliyechora apewe alama kwa kilichotoka, si kwa unadhifu wa mistari. Najua madarasa yamejaa na mashine hazitoshi. Zoezi hili linaweza kufanyika kwa jiliwa la kubania chuma, msumeno wa chuma, tupa na venia ya kupimia.

Vipande vya chuma vinavyobaki kwetu vinatosha darasa zima, na wenzangu wa mtaa huu nimeshaongea nao. Mwalimu atakayetaka kuleta wanafunzi wake, Jumamosi mchana kazi zinakuwa zimepungua na majiliwa yako wazi.

Fundi mkerezaji,
Gerezani, Dar es Salaam