Mdogo wangu, mbegu ile usiipande

Mdogo wangu,

Salamu kutoka Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini. Mama kaniambia umeanza kuulizia mbegu ya bangi, eti rafiki yako wa ng'ambo ya mto Songwe amekuhakikishia kwamba Malawi ni ruksa. Sikukupigia, maana kwenye simu tungegombana. Nakuandikia hadharani kwa kuwa huko Chunya si wewe peke yako mwenye wazo hilo.

Ni kweli Malawi walipitisha sheria mwaka 2020. Ila walichoruhusu ni bangi ya dawa na ya viwandani, tena kwa leseni. Ukisikia ruksa, uliza ni ruksa ya nani. Zimbabwe walipoanza mwaka 2018, leseni ya miaka 5 iliwekewa ada ya dola 50,000, zaidi ya shilingi milioni 100. Hapo bado uzio, walinzi, maabara, na mnunuzi wa nje anayedai karatasi kwa kila mzigo. Mwenye jembe na ekari 2 ataingia humo kama kibarua tu.

Nasema kwa uchungu kwa sababu sisi tumekulia kwenye tumbaku, zao halali kabisa. Unakumbuka baba akiamka usiku kuchochea moto wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, nasi tukifunga majani hadi vidole vinanata. Siku ya soko mteuzi anashika jani, anataja daraja, na kwa neno lake moja tunajua kama ada ya shule itapatikana. Kisha linakatwa deni la mbolea. Jirani akishindwa kulipa lake, linawaangukia wote kwenye chama cha ushirika. Kuna msimu baba alirudi na shilingi elfu arobaini, akakaa nje ya nyumba mpaka giza likaingia. Hakuwa amevunja sheria yoyote. Bei, daraja na pembejeo vilikuwa mikononi mwa wengine, basi. Bangi ikihalalishwa kesho bila hayo kubadilika, mkulima atakaa palepale alipokaa baba. Hata Kanada, walioiruhusu kwa starehe mwaka 2018, walizalisha kupita mahitaji, bei zikaporomoka, na kampuni kubwa zikafunga mabanda yao ya kilimo.

Usidhani naitetea sheria yetu ya Tanzania ilivyo. Kijana aliyepanda kipande kidogo mlimani kwa kuwa mahindi yamekosa bei anaweza kufungwa miaka 30, na mimi siioni haki hapo. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilipiga kura, 27 kwa 25, kuitoa bangi kwenye jedwali la dawa zinazobanwa kuliko zote. Bunge letu nalo lina la kujadili kuhusu bangi ya dawa. Siku likijadili, nataka leseni ziende kwanza kwa vyama vya wakulima wadogo, na bei ijulikane kabla mbegu haijaingia ardhini. Mgombea akija kuomba kura kijijini, muulize hilo mbele ya watu.

Lakini sheria haijabadilika, na mama hana nguvu ya kupanda mabasi kukupelekea chakula gerezani. Nimekununulia kilo 4 za mbegu ya alizeti, zinatosha ekari zako zote mbili. Nazituma kwa basi la Ijumaa, ukazipokee stendi. Ile nyingine, kama umeshaipata, iteketeze kabla mvua hazijaanza.

Dada yako